Jinsi ya Kuifanya Kaunti Ilipie Nyumba Salama ya Watoto

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika mengi ya Kenya yanayohudumia wanawake na watoto yalijikuta yakihesabu upya magunia ya unga. Waliokuwa wakisema "mfadhili ataongeza mkataba" walijua ndani ya wiki chache kwamba fedha za mbali zinaweza kukatwa kwa tamko moja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayeendesha nyumba salama ya watoto, au uliye kwenye kamati ya kanisa, msikiti au chama cha akina mama kinachoibeba nyumba hiyo, na sasa unataka kubisha mlango wa karibu zaidi: bajeti ya kaunti. Mlango huo hufunguka, ila una saa zake, na wengi hufika umeshafungwa.

Usiombe jengo

Ukimwendea mwakilishi wadi wako na kumweleza kwamba watoto wanaookolewa usiku hawana pa kulala, huenda akakujibu papo hapo kwa moyo mweupe: tutawajengea. Shukuru, kisha uwe mwangalifu. Jengo lina ukuta wa kubandikwa bamba lenye jina la mtu, lina siku ya uzinduzi na picha zake. Sheria nayo inalipendelea. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, na katika vitabu vya hazina maendeleo huwa ni saruji, mabati na barabara. Kwa upande mwingine, kanuni za sheria hiyo za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeshauvuka mpaka huo. Ndiyo sababu fedha za kujenga hupatikana na za kuajiri zikakosekana. Mwishowe inabaki nyumba iliyopakwa rangi, vitanda vikiwa bado ndani ya nailoni, na kufuli mlangoni.

Mtoto hulindwa na mtu mzima aliye macho. Kwa hiyo anza hesabu yako na mlezi. Nafasi moja ya mlezi, usiku na mchana, siku saba, ni saa 168 kwa wiki. Mtu mmoja akifanya kazi saa 52, kiwango cha juu cha kawaida katika kanuni za mishahara za Kenya, unahitaji watu watatu na ziada kidogo. Weka likizo ya mwaka, ambayo kisheria haipungui siku 21 za kazi, weka na siku za ugonjwa, utafika watu wanne. Hao ni wa nafasi moja. Nyumba ya vitanda 10 isiyo na walezi wawili kwa zamu haina usalama, kwa sababu mmoja akimpeleka mtoto hospitalini saa nane za usiku, wengine tisa wanabaki na nani? Basi walezi ni wanane. Afisa wa bajeti akiiona namba hii atashtuka. Mwache ashtuke, halafu umwonyeshe hesabu yenyewe mstari kwa mstari. Wengi hupunguza walezi hadi watatu ili ombi lionekane la kiasi, na nyumba ikishapata fedha hizo hushindwa kazi mwaka wa kwanza, na kushindwa huko ndiko kunakonukuliwa mwaka unaofuata. Usisahau michango ya mwajiri: NSSF, na ile asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Hizi husahaulika kila mara, kisha hulipwa kwa kupunguza chakula.

Baada ya mlezi, usafiri. Mtoto aliyebakwa anatakiwa kuanza dawa za PEP za kuzuia maambukizi ya HIV ndani ya saa 72, na msichana aliyevunja ungo ana saa 120 za kupata dawa ya kuzuia mimba ya dharura. Matibabu yenyewe hayapaswi kuwa mzigo wako. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaitwika Serikali gharama za matibabu na ushauri nasaha wa mwathiriwa, na fomu ya P3 ya polisi haiuzwi. Kinachokosekana ni gari. Anayetoka ndani kabisa ya Ganze au Magarini, kaunti ya Kilifi, usiku, akitafuta hospitali yenye mhudumu anayejua kuijaza fomu ya matibabu baada ya ubakaji, anapoteza saa zake barabarani. Kwa hiyo andika mafuta kwenye kifungu chake chenyewe. Ukiyaficha ndani ya "gharama za ofisi" yatakuwa ya kwanza kukatwa.

Nauli ya mahakamani pia iwe na mstari wake. Kesi huahirishwa, mtoto ameshahamia kwa shangazi yake kaunti ya jirani, na siku ya ushahidi inapofika hakuna wa kumleta. Kesi nyingi hufa hivyo bila mtu kuhongwa. Chakula, sabuni, sodo, sare za shule na mshauri nasaha ni vitu ambavyo kila mwenye nyumba anavijua, sina haja ya kuviorodhesha zaidi. Niongeze swali moja tu: wavulana wako wanalala wapi? Utafiti wa kitaifa wa 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 15.6 ya wanawake na 6.4 ya wanaume walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Nyumba inayopokea wasichana peke yao iseme hivyo wazi kwenye ombi lake, na ipendekeze wavulana wapelekwe wapi.

"Hiyo si kazi ya kaunti"

Jibu hili utalisikia, pengine kutoka kwa afisa mwema kabisa. Hoja yake ni kwamba masuala ya watoto yako chini ya serikali ya kitaifa, kupitia Idara ya Huduma za Watoto, na kwamba mkaguzi atamuuliza kwa nini ametumia fedha za kaunti kwa kazi ya mwingine. Hoja hiyo ina uzito, usiibeze. Ijibu kwa Katiba. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, limeipa kaunti vituo vya malezi ya watoto katika kifungu kile kile chenye shule za chekechea, na limeipa pia vituo vya afya na ambulensi. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na kutelekezwa, na ibara ya 21 inavibebesha vyombo vyote vya dola wajibu wa kushughulikia mahitaji ya watoto na makundi mengine yaliyo hatarini. Mahali ambapo mipaka ya kazi bado ina ukungu, ibara za 187 na 189 zinaruhusu ngazi mbili za serikali kuhamishiana kazi na kushirikiana kwa makubaliano ya maandishi. Kwa hiyo usiende peke yako. Nenda na mratibu wa watoto wa kaunti, ambaye ni mtumishi wa serikali ya kitaifa, na uwe na barua yake inayosema kwamba watoto wanaofika kwako hupitia ofisini kwake na mahakamani. Barua hiyo inamwondolea afisa wa bajeti hofu ya mkaguzi, na hofu hiyo ndiyo sababu ya maombi mengi kukataliwa.

Kikwazo cha pili ni kigumu zaidi, na ni cha haki. Tangu Novemba 2017 serikali imesimamisha usajili wa makao mapya ya hisani ya watoto, na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watolewe kwenye taasisi na kulelewa katika familia. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inauona ulezi wa taasisi kuwa wa muda, baada ya njia nyingine kushindikana. Mtu atakuuliza: kwa nini tulipie jambo ambalo taifa linalipunguza? Jibu lako liwe kwenye rekodi zako. Onyesha kwamba kwako mtoto hukaa siku au wiki, chini ya amri ya mahakama, huku familia ikichunguzwa na ndugu salama akitafutwa. Onyesha wangapi walirudi kwa jamaa na ni nani aliyewafuatilia huko. Ukiwa na watoto walioishi nyumbani kwako miaka minne, unaendesha makao ya watoto yenye jina la nyumba salama. Lirekebishe hilo kabla ya kuomba shilingi yoyote ya umma, kwa maana ombi hukaribisha ukaguzi.

Rekodi hizo hazihitaji hadithi za kuliza. Zinahitaji mambo machache yanayohesabika: watoto waliofika na wadi walizotoka, saa zilizopita tangu tukio hadi hospitalini, usiku waliolala, walikokwenda baadaye, na zaidi ya yote waliokataliwa kwa kukosa nafasi. Nyumba nyingi haziandiki waliokataliwa. Ndio hao hasa wanaoieleza kaunti ukubwa wa pengo, na takwimu ya kitaifa haiwezi kuchukua nafasi yao.

Fedha zinapitia wapi

Kaunti haiwezi kukuandikia hundi kwa sababu tu kazi yako ni njema. Ziko njia tatu ambazo nimeona zinaleta maana, na ninazipanga kwa jinsi ninavyoziamini.

Ya kwanza ni kaunti kununua huduma kwako kwa mkataba, yaani inalipia nafasi za vitanda na huduma zinazoambatana navyo. Hapa mishahara ya walezi inabaki kwako na haigusi ule mpaka wa asilimia 35, jambo ambalo waziri wa fedha wa kaunti atalifurahia. Lazima ufuate utaratibu wa ununuzi wa umma, uwe umesajiliwa ipasavyo, uwe na cheti cha kodi na vitabu vilivyokaguliwa. Njia ya pili ni msaada usio wa fedha taslimu: muuguzi wa kaunti anayefika mara mbili kwa wiki, mwanasaikolojia aliyeajiriwa tayari na idara ya afya, maji, dawa, gari la wagonjwa lenye agizo la maandishi la kuitikia simu yako. Msaada huu hauonekani mkubwa, lakini hupita haraka kwa kuwa fedha zake zimeshatengwa kwingine. Ya tatu ni kaunti kumiliki nyumba yake yenyewe. Itakuja siku moja na ni sawa ije, mradi tu isitanguliwe na jengo.

Kuhusu fedha za mbunge na za mwakilishi wa wanawake, zitumie kwa vitu vya mara moja: tangi la maji, ukuta, magodoro. Hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, NG-CDF, zinakotoka fedha za mbunge, imekuwa ikipelekwa kortini mara kwa mara. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria yake ya 2013, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema sheria iliyofuata, ya 2015, nayo inakiuka Katiba. Usiweke mshahara wa mlezi juu ya mti unaotikiswa hivyo.

Fika Agosti, usingoje Mei

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Wananchi huitwa kwenye mikutano ya kutoa maoni karibu na Mei, wakati makadirio yameshafika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Hapo ukumbi hujaa, watu husimama na kueleza shida za kweli, na karani huandika yote. Lakini jedwali limeshagawanywa. Anayetaka kuongeza shilingi milioni mbili kwako lazima aziondoe kwa mwingine aliyeketi kwenye viti hivyo hivyo.

Nafasi yako iko mapema zaidi. Kufikia 1 Septemba kaunti hupeleka bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka, na mpango huo ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata, miezi kumi mbele. Kisichokuwemo humo hukosa mizizi. Kwa hiyo Juni na Julai uwe umekaa na idara inayoshughulikia jinsia na huduma za jamii, na Agosti uwe umeiona rasimu kwa macho yako. Ombi lako likishaingia kwenye mpango huo, fuatilia mikutano ya kisekta, kisha waraka wa mkakati wa fedha unaofika bungeni kufikia 28 Februari. Waraka huo ndio hupanga ukomo wa kila idara, na watu wa kawaida hawausomi. Usome. Ukomo wa idara yako ukishuka Februari, hotuba ya Mei haitaupandisha.

Juu ya hayo yote uko mpango wa miaka mitano, CIDP, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Tafuta ndani yake maneno kama hifadhi, kituo cha uokoaji au ukatili wa kijinsia. Ukiyapata, yanukuu kwa ukurasa katika kila barua. Usipoyapata, omba maneno mapana zaidi ya ulinzi wa watoto au ustawi wa jamii yatumike kuwa msingi, na ujiandae kwa mpango mpya utakaoandikwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027. Wagombea wa ugavana huahidi mengi kabla ya uchaguzi huo. Waombe waahidi walezi wanane.

Kuna pia jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, ambalo gavana huliongoza na ambalo sheria imelitengea viti vya wawakilishi wa wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, dini, wafanyabiashara na wengineo. Mtoto hana kiti. Kubaliana mapema na mwakilishi wa dini au wa wanawake akubebee hoja yako, na umpe ukurasa mmoja tu. Idara ikikuzungusha, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakuruhusu kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Tumia barua ya kuomba habari kabla ya kutumia waandishi wa habari. Afisa akijua amelazimika kujibu kwa tarehe, hujibu.

Siri ya nyumba ndani ya bajeti ya wazi

Hapa ndipo miongozo mingi hunyamaza, na ndipo watoto huweza kuumia. Fedha za umma lazima ziwe wazi. Nyumba salama lazima isijulikane ilipo. Bajeti za kaunti huchapisha miradi kwa wadi, kijiji na kiasi, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma. Anayemtafuta mtoto aliyefichwa mara nyingi ni baba wa kambo, mjomba, mwalimu au jirani mwenye uwezo, na ana marafiki ofisini.

Sisitiza kwamba fedha zako ziwekwe chini ya programu ya idara, kwa mfano "huduma kwa manusura wa ukatili", katika makao makuu, zisiwemo kabisa kwenye orodha ya miradi ya wadi. Kwenye zabuni ya chakula, mahali pa kupokelea mizigo pawe ofisi ya kaunti ndogo, kisha gari lenu liende kuichukua, maana tangazo la zabuni linaloonyesha lori liende wapi limeshaitoa siri. Kusiwe na bango mlangoni, na magari yenye nembo ya kaunti yasiegeshwe nje. Weka kifungu kwenye mkataba kinachokataza ziara za wanasiasa na picha za watoto, hata za mgongoni, hata zenye nyuso zilizofichwa. Kitengo cha mawasiliano cha gavana kitaziomba kwa nia njema, kipeleke chapisho kwenye Facebook. Kikatalie kwa kifungu, si kwa ugomvi.

Wakaguzi ni jambo tofauti, wao wana haki ya kuona kila senti. Wape stakabadhi zenye namba ya mtoto badala ya jina: mtoto 014, nauli ya kwenda mahakamani, tarehe, sahihi ya mlezi. Daftari linalounganisha namba na majina likae kwenye kabati lenye funguo mbili, na lifunguliwe mbele ya afisa wa watoto pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko upande wako hapa, kwa kuwa inadai uangalifu wa pekee kwa taarifa za mtoto. Kubaliana na mkaguzi wa ndani wa kaunti kuhusu mtindo huu kabla ya shilingi ya kwanza kufika. Ukiueleza baada ya hoja ya ukaguzi kuandikwa, utaonekana unaficha wizi.

Bajeti ikishapita

Kuona kifungu chako kwenye bajeti iliyoidhinishwa si kuziona fedha. Mgao kutoka hazina ya kitaifa huchelewa, na Julai hadi Septemba huwa ndiyo miezi mikavu zaidi. Panga akiba ya chakula na mafuta ya miezi mitatu kutoka vyanzo vyako vingine, na umwombe afisa mkuu wa idara aingize malipo yako kwenye mpango wa fedha wa robo ya kwanza, kwa barua, kabla Juni haijaisha. Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za matumizi ya kila kaunti kwa robo ya mwaka. Itafute idara yako, ulinganishe kilichotengwa na kilichotumika, na ukiona matumizi ni sifuri mwishoni mwa Desemba, andika barua wiki hiyo hiyo.

Kuna sababu ya kuharakisha. Baada ya mwaka mpya kaunti huanza kuandaa bajeti ya ziada, na idara ambayo haijatumia fedha zake hunyang'anywa ili kuziba mashimo ya wengine. Fedha zako zitaonekana hazina kazi, kumbe hazikuwahi kutolewa. Mpe mwenyekiti wa kamati ya bajeti ya bunge la kaunti nakala ya mkataba, ankara ambazo hazijalipwa na idadi ya watoto waliokataliwa tangu Julai, na upate muhuri wa ofisi ya karani kuthibitisha kwamba vimepokelewa.